Kuishi na Kutembea katika Miji Midogo ya Uskoti: Mwongozo Kamili

Wengi wetu tukifika Uskoti huishia Edinburgh na Glasgow. Tunapiga picha ngome, tunanunua skafu ya mistari, tunarudi uwanja wa ndege. Si vibaya, lakini sehemu kubwa ya nchi hii ni miji midogo ya watu elfu chache: barabara moja kuu yenye maduka, mto au bahari upande mmoja, na njia ya miguu inayoanzia nyuma ya kanisa na kupotelea milimani. Nami nashikilia hivi: mji mdogo wa Uskoti haupimwi kwa uzuri wa picha zake. Upime kwa basi lake, maduka yake na njia zake za miguu, tena siku ya kawaida ya baridi. Ukivipata vyote vitatu, utaishi vizuri. Kimoja kikikosekana, utahisi upweke mapema sana.

Mwongozo huu ni kwa ndugu anayekuja kusoma, kufanya kazi au kukaa na familia, na pia kwa mgeni wa wiki moja. Mgeni anaweza kuruka sehemu ya nyumba aanzie kwenye maduka.

Hatua ya kwanza: chagua mji kwa usafiri wake

Fungua ramani utafute miji yenye kituo cha treni, au basi linalopita angalau kila nusu saa mchana. Pitlochry na Dunkeld zipo kwenye reli ya kutoka Perth kwenda Inverness. Linlithgow ipo katikati ya Edinburgh na Glasgow, ndiyo maana wafanyakazi wengi wa mijini wanaishi pale. Reli ya Borders, iliyofunguliwa upya mwaka 2015, inaishia Tweedbank, jirani kabisa na Melrose. Peebles haina treni tena, lakini basi namba X62 kutoka Edinburgh hufika kwa muda wa kama saa moja, kisha huendelea hadi Galashiels na Melrose.

Usiangalie basi la asubuhi tu, angalia la mwisho la usiku na ratiba ya Jumapili. Mji unaweza kuonekana karibu sana na jiji, kumbe basi la mwisho linaondoka mapema kuliko zamu yako ya kazi inavyoisha. Wauguzi na wahudumu wa nyumba za wazee, ambao ni wengi miongoni mwetu, wajiulize swali hili kabla ya kuuliza bei ya chumba.

Nauli nayo ina habari njema. Wakazi wa Uskoti wenye umri wa miaka 5 hadi 21 hupanda basi bure kwa kadi maalumu tangu Januari 2022, na waliofikisha miaka 60 vilevile. Kadi inaombwa kupitia halmashauri au mtandaoni, na mwanafunzi aliyetoka nje ya nchi anahesabiwa kuwa mkazi. Kwenye treni za ScotRail, nauli ya juu ya saa za msongamano ilifutwa Septemba 2025, kwa hiyo bei ya asubuhi na ya mchana ni moja.

Hatua ya pili: utembelee mji siku mbaya

Nenda Jumanne ya Novemba, mvua ikinyesha. Mwezi Desemba jua la Edinburgh huzama kama saa tisa na dakika arobaini alasiri, na mwanga wa mchana mzima ni kama saa saba tu. Mwezi Juni hali inageuka: saa nne usiku bado kuna mwanga. Kwa Mwislamu hili linagusa ibada moja kwa moja. Ramadhani ikiangukia majira ya baridi saumu ni fupi, na ya kiangazi ni ndefu sana, wakati Isha inachelewa mno. Misikiti mikubwa iko mijini, kama Msikiti Mkuu wa Glasgow na ule wa Edinburgh, ingawa hata Stornoway, kwenye kisiwa cha Lewis, imekuwa na msikiti wake tangu 2018.

Siku hiyo ya mvua, tembea barabara kuu kutoka mwanzo hadi mwisho. Hesabu maduka yaliyofungwa moja kwa moja. Tafuta duka la dawa, posta, bucha, duka la mikate, maktaba na zahanati. Ingia mgahawa mmoja uketi. Wenyeji wakizungumza wao kwa wao na mhudumu anawajua kwa majina, hiyo ni dalili njema kuliko tangazo lolote la dalali.

Hatua ya tatu: nyumba, mkataba na bili

Sheria za kupanga Uskoti si zile za Uingereza penyewe, na nyingi zinamlinda mpangaji. Tangu Desemba 2017, mkataba wa kawaida wa nyumba ya mtu binafsi hauna tarehe ya mwisho. Ukitaka kuhama unatoa notisi ya siku 28. Mwenye nyumba anatakiwa awe amesajiliwa, na unaweza kulitafuta jina lake kwenye daftari la umma mtandaoni bila malipo.

Amana isizidi kodi ya miezi miwili, na lazima iwekwe kwenye mfuko ulioidhinishwa ndani ya siku 30 za kazi. Ada ya udalali haipo kisheria: mpangaji analipa kodi na amana, basi. Ukiombwa "ada ya maombi" au "ada ya kuandika mkataba", kataa kwa adabu na uombe maelezo kwa maandishi. Wala mtu hawezi kukudai kodi ya zaidi ya miezi sita mbele, jambo ambalo aliyezoea kulipia mwaka mzima Dar es Salaam atalishukuru.

Kabla ya kutia saini, omba cheti cha nishati cha nyumba, chenye daraja kutoka A hadi G. Nyumba za mawe za zamani zinapendeza kwa nje, ila nyingi zinavujisha joto. Ingia chumba cha kulala, gusa ukuta nyuma ya kabati na kwenye pembe za dirisha. Ukiona madoa meusi ya ukungu, hapo utalipa gesi wakati wote na bado utakohoa. Uliza pia mita ya umeme ni ya aina gani. Zipo za kulipia kabla, kama LUKU, na zipo za bili ya mwezi.

Kodi ya halmashauri ni bili tofauti na kodi ya nyumba. Wanafunzi wa masomo ya muda wote wamesamehewa, na mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25, lakini punguzo lazima uliombe mwenyewe. Maji na maji taka hulipwa ndani ya bili hiyohiyo.

Wiki ya kwanza jiandikishe kwa daktari wa mtaa. Dawa ulizoandikiwa na daktari hazilipiwi Uskoti tangu Aprili 2011, na upimaji wa macho kwa wakazi ni bure. Kwa mafua, upele au maumivu madogo nenda moja kwa moja duka la dawa, maana mfamasia anaruhusiwa kukuhudumia bila daktari. Usiku, jambo likikutia wasiwasi bila kuwa la hatari, piga 111. La hatari ni 999. Kisha pita maktaba uchukue kadi. Ni bure, kuna kompyuta na watoto wana rafu zao, na kwa mgeni katika mji hakuna mahali pengine penye joto ambapo hakuna anayekuuliza utanunua nini.

Hatua ya nne: jifunze barabara ya maduka

Katika mji mdogo maduka mengi ya watu binafsi hufungua saa tatu asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni. Mengine hufunga Jumapili, au nusu siku katikati ya wiki, na saa zake zimebandikwa mlangoni. Duka la ushirika la Co-op au Scotmid ndilo litakalokuokoa usiku. Pombe haiuzwi madukani kabla ya saa nne asubuhi wala baada ya saa nne usiku, nchi nzima. Njoo na mfuko wako pia, kwa sababu mifuko ya kubebea inauzwa, kwa kiwango kisichopungua senti 10 za pauni.

Nianze na bucha. Mchinjaji wa mji mdogo hukata nyama mbele yako na hujibu maswali, hivyo muulize. Utaona soseji za umbo la mraba, mikate ya nyama, na *haggis*, ambayo ni moyo, ini na mapafu ya kondoo yaliyosagwa pamoja na oti, kitunguu na viungo. Anayependa utumbo na supu ya makongoro hatashtuka. Jihadhari na soseji nyeusi, hiyo ni damu. Nyama ya halali ni adimu katika miji hii, na familia nyingi huenda Glasgow, hasa mitaa ya Pollokshields, zikanunua ya mwezi mzima na kuigandisha. Haggis isiyo na nyama inapatikana karibu kila supamaketi.

Mboga ndipo penye furaha. Majani mapana ya kijani yanayouzwa yamefungwa mafungu, *spring greens*, ndiyo yanayofanana zaidi na sukuma wiki. Yaviringishe, yakate nyembamba kwa kisu kikali, kaanga kwa kitunguu na nyanya, na hakuna atakayeuliza yametoka wapi. Unga wa sembe mweupe nunua kwenye maduka ya Kiafrika ya Glasgow au Edinburgh. Ule wa njano wa maduka ya Kihindi hupika ugali, ila ladha ni nyingine. Tui la kopo lipo kila mahali. Samaki ni vizuri kusubiri siku ya gari la muuza samaki, kwani miji mingi ya bara ina gari linalofika siku maalumu ya wiki likiwa na samaki wa pwani. Waulize majirani ni siku gani.

Maduka ya mitumba ya hisani yamejaa kila mji, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kununua nguo za mvua. Nenda kwenye miji yenye wastaafu wengi wapenda milima. Watu wa namna hiyo hununua koti zuri, hulivaa mara chache, halafu hulitoa. Kagua zipu na mishono ya ndani, na uhakikishe utepe wa kuzuia maji haujabanduka.

Kwa anayependa vitabu, funga safari hadi Wigtown, kusini-magharibi kabisa. Tangu 1998 ndio mji rasmi wa vitabu wa Uskoti, na barabara yake ina maduka ya vitabu vya zamani ambayo unaweza kuyamalizia siku nzima. Ila hakuna treni, kwa hiyo panga kulala.

Neno moja kuhusu fedha. Uskoti ina benki tatu zinazotoa noti zake zenyewe, na noti hizo zinapokelewa bila shida madukani humu. Ukikaribia kurudi nyumbani, zibadilishe kwa noti za Benki Kuu ya Uingereza, maana ukifika nazo Nairobi au Dar unaweza kuzungushwa kila duka la kubadilishia fedha.

Hatua ya tano: sheria na zana za kutembea

Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita kwa miguu karibu kila mahali Uskoti, hata kwenye shamba la mtu, mradi apite kwa uangalifu. Bustani ya nyumba ya mtu haimo, wala shamba lenye mazao yaliyoota, ambapo unapita pembeni. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Kuanzia Machi hadi Mei kondoo wanazaa, kaa mbali nao. Ng'ombe wenye ndama usipite katikati yao, zunguka.

Mbwa wako kila njia, wengi bila kamba. Ukiwa huwapendi, au una wudhu wako, simama na umwombe mwenyewe amshike. Wenyeji huelewa na hawachukii. Na msalimie kila unayepishana naye, hata kwa kutikisa kichwa. Dereva wa basi naye hushukuriwa unaposhuka.

Valia buti lisiloingiza maji na koti lenye kofia, kwa sababu mwavuli hapa unavunjwa na upepo. Kiangazi, hasa magharibi na karibu na maji, visubi hutoka makundi kwa makundi jioni isiyo na upepo. Wadogo mno, lakini wanauma vibaya. Kupe ni jambo zito zaidi, kwa kuwa wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Ukitoka kwenye majani marefu, jikague nyuma ya magoti, kinenani na kwapani. Watoto wakague hadi kwenye nywele. Ukimkuta, mng'oe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi bila kumminya. Upele mwekundu unaotanuka baadaye ni wa kupeleka kwa daktari.

Muda ukadirie kwa kanuni aliyoiweka Mskoti William Naismith mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Ukiwa na watoto ongeza nusu. Kisha linganisha na saa ya jua kuzama. Kabla ya kupanda mlima sajili simu yako kwenye huduma ya dharura ya ujumbe kwa kutuma neno *register* kwenda 999. Ujumbe hupenya hata pale sauti inapokatika. Likitokea la kutokea, omba polisi, kisha waokoaji wa milimani.

Hatua ya sita: matembezi ya kuanzia

*Peebles, kando ya mto Tweed.* Kwa mtu anayeanza, sijui njia bora kuliko hii. Anzia bustani ya Hay Lodge, fuata mto kuelekea juu. Njia ina mizizi na mawe yanayoteleza, kisha ghafla mto unapinda na ngome ya Neidpath inatokea juu ya mwamba. Endelea hadi daraja la zamani la reli, na kabla ya kulipanda simama chini ya tao moja utazame juu. Daraja linakata mto mshazari, kwa hiyo mafundi walipanga mawe kwa mzunguko, safu zikipanda kwa kujipinda badala ya kulala sawa. Panda, vuka, kisha ingia kwenye handaki la reli iliyokufa. Ni refu kupita nusu kilomita na lina giza, hivyo beba tochi. Simu iliyobakiza chaji kidogo haitoshi. Ukitoka upande wa pili unateremka mjini. Mzunguko wote ni kama kilomita tano, na unaishia karibu na maduka ya mikate.

Ukitaka ndefu bila mlima, njia ya reli ya zamani kutoka Peebles kwenda Innerleithen ni tambarare, kama kilomita kumi, na inafaa kigari cha mtoto. Innerleithen tembelea kiwanda cha uchapaji cha Robert Smail, ambapo bado wanapanga herufi za madini ya risasi kwa mkono. Rudi kwa X62.

*Blantyre hadi ngome ya Bothwell.* Hii kila msomaji kutoka Bagamoyo au Tabora angeifanya. Treni kutoka Glasgow huchukua chini ya nusu saa, na makumbusho yako umbali mfupi wa miguu kutoka kituoni. Hapo ndipo alipozaliwa David Livingstone tarehe 19 Machi 1813, katika chumba kimoja cha familia nzima, ndani ya jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi, kazi ikianza alfajiri na kuisha usiku.

Nenda ukiwa na majina mawili kichwani: Susi na Chuma. Livingstone alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, wao na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Kwa muda mrefu habari hii ilisimuliwa kana kwamba wao ni wapagazi tu. Makumbusho yalipofunguliwa upya 2021 yaliwapa nafasi watu wa Afrika waliosafiri naye. Soma maelezo hayo taratibu, na ukiwa na watoto wasomee kwa sauti.

Kisha teremka hadi mto Clyde, vuka daraja la waenda kwa miguu, ufuate njia ya mto ndani ya miti kwa kama kilomita tatu. Mbele utaikuta ngome ya Bothwell, ya karne ya 13, kuta zake za mawe mekundu. Njia ni ya matope baada ya mvua.

*Pitlochry.* Kwa familia yenye wazee, tembea hadi bwawa la umeme. Samaki aina ya salmoni wamejengewa ngazi ya vidimbwi 34 ili wapande mto kwenda kutaga, na kuanzia Aprili hadi Oktoba unaweza kubahatika kuwaona. Mwenye nguvu apande Ben Vrackie, mita 841, akiwa na nguo za joto hata Julai.

*Pwani ya Fife.* Kwa mtu wa pwani, hapa ndipo roho inapotulia. Kutoka Crail hadi Anstruther ni kama kilomita sita na nusu, bahari ikiwa kushoto kwako mwendo wote. Crail ina bandari ndogo ya mawe na mitego ya kambakoche iliyorundikwa ukutani. Anstruther kuna makumbusho ya uvuvi, na samaki wa kukaanga na chipsi unaoweza kuwala ukiwa umeketi mbele ya mashua, ila wakinge samaki hao na ndege wa baharini, maana huwanyakua mkononi. Kagua saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kushuka ufukweni, kama ungefanya Tanga. Basi namba 95 huunganisha vijiji hivi na St Andrews, kwa hiyo tembea upande mmoja, rudi kwa basi, na kabla ya kuanza tazama saa ya basi la mwisho.